Ukuta wa mawe wa Hestercombe umesimama zaidi ya karne mlimani. Wangu ulianguka masika ya kwanza

#1 Mwashi wa Soni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila masika ikifika naona humu picha zilezile: ukuta wa kuzuia udongo umelala kifudifudi, mawe yamemwagika barabarani, na mwenye nyumba anauliza fundi amemwibia mifuko mingapi ya saruji. Swali hilo nami niliwahi kuulizwa. Ukuta ulikuwa wa mama yangu mzazi, na fundi nilikuwa mimi.

Kwetu ni Soni, Lushoto. Nyuma ya nyumba tuliukata mlima ili tupate uwanja wa jiko na banda la ng'ombe. Nikasimamisha ukuta wa mawe ya kupasua, kimo mita mbili na ushee, na saruji sikuibania hata kidogo. Niliupiga timazi kila kozi, yaani kila mstari wa mawe, ukasimama wima kama mlingoti. Mapengo yote ya mbele niliyajaza saruji, nikayachora kwa ncha ya mwiko mpaka watu wakawa wanasimama njiani kuutazama. Masika iliyofuata ikanyesha siku tatu bila kupumzika, na usiku wa tatu ukuta ukalala. Mama alikuwa nyumba kubwa, Mungu alisaidia. Ng'ombe mmoja alikufa.

Nilipofika asubuhi kuna kitu nilikiona ambacho sikukielewa kwa miaka mingi. Ukuta haukumomonyoka jiwe kwa jiwe. Ulianguka mzima, kipande cha mita nne, kama mlango uliong'olewa bawaba. Saruji ilikuwa imeshika vizuri kabisa. Nyuma yake udongo ulikuwa uji.

Jibu nilikuja kulipata Uingereza, kwenye bustani ya nyumba kubwa ya shamba inayoitwa Hestercombe, karibu na mji wa Taunton, mkoa wa Somerset. Nimeishi kusini magharibi ya nchi hiyo miaka kadhaa sasa, na kazi yangu ni hiyo hiyo ya mawe, nikiwa chini ya mzee mmoja ambaye ameshika nyundo tangu ujana wake. Naomba niwaeleze nilichokiona, maana naamini kuna watu humu wanaojenga mlimani na watakihitaji kabla mvua hazijaanza.

Naendelea.

#2 Kozi Kumi

Pole sana mkuu kwa ng'ombe, na hongera mama kupona. Lete vitu, tumeshakaa mkao wa kula. Mimi nina ukuta nyuma ya nyumba, kimo mita moja na nusu, na umeanza kunitisha.

#3 Mwashi wa Soni

Asante mkuu. Huo wako tutaurudia, usiondoke.

Hestercombe ni nyumba iliyokaa kwenye mteremko, vilima viko nyuma yake, na mbele kuna bonde pana mpaka kwenye vilima vya Blackdown. Imetazama kusini, na kule kusini ndiko jua linakopita, kwa hiyo kuta zake hupata joto mchana kutwa. Mwanzoni mwa karne iliyopita mwenye nyumba, mtu wa ukoo wa Portman, aliwaita watu wawili wamtengenezee bustani mpya chini ya nyumba. Mmoja alikuwa Edwin Lutyens, msanifu majengo ambaye baadaye alikuja kusanifu jumba la Gavana Mkuu wa India kule New Delhi. Wa pili alikuwa Gertrude Jekyll, mama wa makamo aliyejua mimea kuliko karibu watu wote wa nchi yake, na ambaye macho yake yalikuwa yamedhoofika sana. Kazi ilianza 1904 na kwenda hadi 1908 hivi.

Mlima waliukata ngazi kwa ngazi. Ukisimama ngazi ya juu unaona chini yako uwanja mkubwa wa mraba uliozama, umezungukwa na kuta za mawe, na pande mbili kuna mifereji myembamba ya maji iliyojengwa kwa mawe, inatembea polepole mpaka kwenye vidimbwi.

Mawe ya kuta hawakuyaagiza mbali. Yalichimbwa palepale nyuma ya nyumba. Ni jiwe la tabakatabaka, kijivu, linapasuka kwa ubao mwembamba mwembamba, wenyewe wanaliita Morte. Palipotakiwa kuchonga, kama ngazi, nguzo na kingo, walitumia jiwe jingine la Somerset hiyo hiyo, kutoka kilima cha Ham, lenye rangi ya asali kwa sababu ya chuma kilichomo. Ukiyaona mawe hayo mawili pamoja jua likiwa linazama, huondoki upesi.

Mimi nilifika siku ya mvua. Mzee wangu alinipeleka makusudi siku hiyo. Akanisimamisha mbele ya ukuta mmoja akaniambia, "Usiangalie maua. Angalia mapengo."

Nikaangalia. Kila pengo lilikuwa linalia. Maji yalikuwa yanatoka katikati ya mawe, tone, tone, mengine yanateleza juu ya jiwe kama jasho. Ukuta mzima, juu hadi chini, ulikuwa unatoa maji, na hakuna hata sehemu moja iliyovimba. Na humo humo kwenye mapengo mmeota vimaua vyeupe vyenye waridi kwa mbali, mfano wa vidaisi, asili yake Mexico. Vimejishika kwenye ukuta kama ndevu.

Nilisimama pale nikakumbuka ule uji nyuma ya ukuta wa mama.

#4 Fundi wa Saiti

Mkuu, kwa heshima zote, ukuta wako ulikosa nondo. Mita mbili na ushee bila nondo na zege ni kutafuta kesi. Mawe ya kizungu yana nini ambacho ya Lushoto hayana?

#5 Mwashi wa Soni

Mawe ya Lushoto hayana kasoro, kaka, na swali lako ni la haki. Ngoja nilijibu kwa hesabu, maana nilipoipata hesabu hii ndipo nilipolala usingizi.

Udongo mkavu nyuma ya ukuta husukuma, lakini chembe zake hushikana na kusaidiana, kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito wake unajibeba wenyewe. Maji hayana kushikana. Maji yaliyosimama nyuma ya ukuta wenye kimo cha mita 1 yanausukuma kwa karibu nusu tani kwa kila mita ya urefu wa ukuta. Kimo kikiwa mita 2, haiwi tani moja, inakuwa kama tani 2. Mita 3, tani 4 na nusu. Ukiongeza kimo mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne.

Sasa ule wangu: mita mbili na ushee, nimeziba kila tundu mbele kwa saruji, na mlima mzima wa Soni unashusha maji nyuma yake siku tatu. Kabla ya mvua ukuta ulikuwa unasukumwa na tani moja na kitu kwa kila mita. Usiku ule ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Nilikuwa nimejenga bwawa nikaliita ukuta.

Nondo zingeusaidia usimame muda mrefu zaidi, sikatai. Lakini hata ukuta wa zege wenye nondo huachiwa matundu ya kutolea maji na kuwekewa kokoto nyuma. Mhandisi yeyote anayechora ukuta wa namna hiyo anayachora matundu kabla ya kitu kingine. Fundi asiyeyaweka anategemea bahati.

#6 Fundi wa Saiti

Hapo umenyoosha. Nakubali, kwenye michoro matundu yapo siku zote. Saiti ndiko yanakopotea, kwa sababu mwenye nyumba anasema yanachafua ukuta.

#7 Mwashi wa Soni

Ndiyo hivyo, na inaniuma, kwa sababu hata wangu niliuziba ili upendeze.

Sasa namna ukuta wa aina ile unavyopangwa. Huyu mama Jekyll alikwisha kuandika kitabu kizima juu ya bustani za ukutani na za maji mwaka 1901, kabla hajagusa Hestercombe. Mambo aliyoyashikilia ndiyo ambayo mafundi wa mawe wanafundishana mpaka leo.

La kwanza, ukuta hausimami wima. Unaegemea mlima. Kila kozi inarudi nyuma kidogo kuliko ya chini yake. Mzee wangu huwa anarudi sentimita 1 kwa kila sentimita 6 za kupanda. Ukiusogelea ukaupiga timazi unaona kabisa umelalia kisogo. Kumbe ile sifa yangu ya wima kama mlingoti ndiyo iliyoufanya usiwe na pa kuegemea.

La pili, kila jiwe linalazwa likiwa limeinama kwa nyuma kidogo, mkia chini, uso juu. Mvua ikipiga mbele ya ukuta, tone linaingia ndani kando ya jiwe na kufikia mizizi. Jiwe lililoinama kwa mbele linamwaga maji nje na mche unakufa kwa kiu, halafu lenyewe linateleza siku moja.

La tatu ndilo ambalo mafundi wetu wanalikwepa kwa sababu halionekani. Jiwe linalazwa kwa urefu wake kwenda ndani ya ukuta. Tunapenda kuliweka jiwe kubwa upana mbele kwa sababu linajaza nafasi upesi na linapendeza. Lakini hilo ni bati limegongwa kwenye udongo. Jiwe zuri linaonyesha uso mdogo, na mwili wote uko ndani. Na kila baada ya hatua mbili tatu lazima kuwe na jiwe refu linalopita hadi nyuma kabisa na kuingia kwenye kokoto. Hayo ndiyo yanayoufunga ukuta, kama misumari.

La nne, nyuma ya mawe ya uso usijaze udongo. Jaza mawe madogo na kokoto, moja moja kwa mkono, unayakaza. Kumwaga toroli zima kwa pamoja ni kosa. Chini unene wa ukuta uwe kama nusu ya kimo chake.

Kazi hii ni ya polepole. Fundi mzoefu akimaliza mita za mraba 2 au 3 kwa siku amefanya kazi. Kule wana chama cha mafundi wa kuta za mawe makavu, yaani yanayopangwa bila chokaa wala saruji, tangu 1968, na mtu anapimwa daraja kwa daraja kama dereva anavyopimwa.

#8 Mkamba wa Kilungu

Nimesoma nikiwa na furaha sana, ndugu yangu. Huku kwetu Ukambani tunakata mlima tangu mababu. Fanya juu tunaijua sote: unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, tuta linashikwa na nyasi, na mwaka baada ya mwaka shamba linalala lenyewe. Hata wageni kwenye vitabu vyao wanaiita hivyo hivyo, fanya juu, kwa Kiswahili. Lakini sisi tunataka maji yabaki shambani, na huo ukuta unataka maji yatoke. Si hapo mambo yanagongana?

#9 Mwashi wa Soni

Swali zuri mno. Hayagongani. Fanya juu inayatuliza maji yazame polepole badala ya kukimbia na udongo. Ukuta wa Hestercombe nao unayapitisha polepole: yanapita kwenye udongo wa juu, yanakunywewa na mizizi, yanachuja kwenye kokoto, yanatoka kwenye mapengo. Kitu ambacho mlima haupendi ni maji yanayokimbia au maji yaliyofungiwa. Babu zako na huyo mama Jekyll wangeelewana vizuri sana wakikaa kikao.

#10 Nyika na Mawe

Wakuu, msisahau Engaruka yetu, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, Arusha. Nimeitembea kwa miguu. Ngazi za mawe na mifereji ya kumwagilia, eneo la karibu hekta 2,000, mawe yamepangwa bila chokaa wala udongo wa kushikizia. Wenyewe walihama karne kadhaa zilizopita, na sehemu nyingi mistari ya mawe bado inaonekana. Ukiinama unaona jinsi walivyochagua jiwe. Kwa hiyo mleta uzi asiseme amejifunza kwa Wazungu tu, elimu hii tulikuwa nayo.

#11 Mwashi wa Soni

Umenena kweli, na nakushukuru kuileta. Engaruka sijafika, na nina nadhiri ya kufika. Mwaka 2018 UNESCO iliiweka sanaa ya kupanga mawe makavu kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika kwa mkono, kwa niaba ya nchi nane za Ulaya, Kroatia, Ugiriki, Hispania na nyinginezo. Nilipoisoma habari hiyo niliwaza nchi yetu ingekuwa na haki ya kusimama kwenye mstari uleule.

#12 Bint Malindi

Assalaam alaykum. Mie ni wa Unguja, Malindi ya Mji Mkongwe. Kaka mwashi, naomba utufahamishe habari ya chokaa. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa na udongo mwekundu. Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa chokaa, akijua kuyachoma mawe kwa kuni mpaka yakawa meupe, kisha akiizima kwa maji na kuiacha shimoni miezi. Akisema chokaa isiyolala haijawa chokaa. Siku hizi watu wanapiga ripu ya saruji juu ya ukuta wa zamani, mwaka wa kwanza unang'ara, mwaka wa tatu ripu inabanduka na jiwe lake. Huko nako ndivyo?

#13 Mwashi wa Soni

Wa alaykum salaam, dada. Babu yako na mzee wangu wa hapa wamesoma madrasa moja. Naye ana pipa la chokaa nyuma ya gari ambalo hataki mtu aliguse, imelala humo tangu sijamfahamu. Ukiichota kwa mwiko inakatika kama siagi.

Ndivyo kabisa. Si kuta zote za bustani za kule ni kavu, nyingi zimejengwa kwa chokaa. Chokaa ni laini kuliko jiwe, na ina vitundu vidogo visivyoonekana, maji yanapita. Ukuta ukitikisika kidogo, chokaa inakubali, na ikipata ufa mwembamba yenyewe huuziba tena taratibu. Saruji ya kisasa, ambayo hati yake ya kwanza ya uvumbuzi ilikatwa na fundi wa Leeds mwaka 1824, ni ngumu kuliko mawe mengi ya kale na haipitishi maji kwa urahisi. Ukiziba nayo mapengo ya ukuta wa chokaa, maji yanabaki na njia moja tu, kupitia kwenye jiwe lenyewe. Kule kuna baridi ya barafu. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na uso wa jiwe unabanduka kama ganda la yai. Kwenu Unguja barafu hakuna, lakini chumvi ya bahari inafanya kazi ileile, inaganda ndani ya jiwe na kulisukuma.

Nimeona ukuta mmoja, jina la nyumba nalihifadhi, ambapo mtu aliziba mapengo kwa saruji miaka ya nyuma kwa nia njema. Mistari ya saruji imebaki imesimama nje kama mbavu, na mawe katikati yake yameliwa yakazama ndani.

#14 Bint Malindi

Hizo mbavu nazijua. Ziko kwenye ukuta wa kibaraza chetu. Ahsante, kaka. Nitampelekea baba asome.

#15 Fundi wa Saiti

Mkuu nina moja la mwisho. Mizizi. Tunaambiwa kila siku tung'oe majani kwenye ukuta, wewe unatusifia maua ukutani.

#16 Mwashi wa Soni

Lazima tutofautishe, na hapa nataka nieleweke vizuri nisije nikabomoa nyumba za watu.

Vile vimaua, na jamii yake, mizizi yake ni nyuzi. Inakaa kwenye pengo, inakunywa unyevu, inashika vumbi. Haina nguvu ya kuinua jiwe. Mche wa mti ndio adui. Kule ni miti yao ya porini na kichaka kimoja chenye maua ya zambarau kinachopenda kuta mno. Kwetu ni mitini na jamii yake. Ndege anadondosha mbegu juu, mzizi unateremka ukitafuta ardhi, ukifika unanenepa, na ukinenepa jiwe litahama, hakuna mjadala. Ukiuona ukiwa na urefu wa kidole, ung'oe siku hiyo hiyo. Ukishakuwa na unene wa mkono usiuvute, utatoka na ukuta. Unakatwa, unauliwa taratibu, halafu ukuta unafunguliwa na kupangwa upya.

Niwaeleze siku moja tulipoufungua ukuta namna hiyo, maana ndiyo siku niliyojifunza kuliko zote.

Ulikuwa ukuta wa bustani ya nyumba nyingine ya shamba, wa kale kuliko wa Hestercombe. Katikati ulikuwa umetoa tumbo. Kabla ya kugusa jiwe ilibidi kibali kitoke, kwa sababu ukuta wa nyumba iliyoorodheshwa kule ni sehemu ya urithi, huwezi kuubadilisha kwa hiari yako. Tukapiga picha, tukaweka namba kwa chaki kwenye kila jiwe la uso, kozi kwa kozi. Mimi nilipewa kozi ya tatu kutoka juu.

Nikatoa jiwe namba 14. Lilitoka bila kugombana. Nyuma yake kulikuwa na weusi na harufu ya udongo uliokaa na maji muda mrefu, ile harufu ya chini ya mtungi. Nikaingiza mkono mpaka kiwiko. Palipotakiwa kuwa na kokoto palikuwa na tope laini limejaa kila pengo, na ndani ya tope mizizi imesukwa kama mkeka, yote imeelekea upande mmoja, upande wa mfereji wa juu uliopasuka. Kumbe mfereji ule ulikuwa unavuja humo miaka na miaka. Tope limeshuka, limeziba kokoto, maji yamekosa njia, tumbo limeota.

Mzee hakusema kitu. Alipanda juu, akafukua mfereji, akatuonyesha ufa. Ulikuwa mwembamba kuliko ncha ya mwiko.

Tuliutengeneza mfereji kwanza. Ukuta baadaye. Mawe yote yalirudi mahali pake, namba kwa namba, na kokoto mpya ikaoshwa kwanza kabla ya kuingia.

#17 Nyika na Mawe

Hiyo ya kutengeneza mfereji kwanza naichukua. Turudi Hestercombe kidogo, mkuu. Nani aliitunza muda wote huo? Nyumba za mabwana huko nasikia nyingi zilibomolewa.

#18 Mwashi wa Soni

Hapa ndipo ninapoipenda zaidi bustani ile. Mwenyewe Portman alifariki 1911, bustani ikiwa bado changa. Vita vya pili vikaja, Wamarekani wakawa na hospitali yao pale. Kuanzia miaka ya 1950 nyumba ikawa makao makuu ya kikosi cha zimamoto cha Somerset. Hebu fikiria, kwenye nyumba ile wanakaa askari wa zimamoto na magari yao na mipira yao ya maji, na chini yao bustani ya Lutyens na Jekyll inamezwa na magugu.

Hawakuiacha. Mwaka 1973 kazi ya kuifufua ilianza wakiwa bado wapo, kwa fedha za halmashauri. Na kwenye banda la miche, ndani ya droo, ikakutwa baadhi ya michoro ya Jekyll mwenyewe, mche gani ulipandwa pengo gani. Michoro yake mingine ilikuwa imeshavuka bahari, iko California, kwenye chuo kikuu cha Berkeley, baada ya msanifu wa bustani mmoja wa Marekani, Beatrix Farrand, kuinunua na kuitoa. Kwa hiyo mimea ile ninayoiona leo ikiota kwenye mapengo imerudishwa kwa karatasi zake. Maua yalikuwa yamekufa na njia zimefunikwa. Kuta zenyewe zilikuwa bado zimeshika mlima.

#19 Kozi Kumi

Mkuu, ulisema nisiondoke na sijaondoka. Ukuta wangu: kimo mita moja na nusu, urefu kama mita kumi na mbili, mawe na saruji, hauna tundu hata moja. Katikati umeanza kuvimba kidogo. Juu yake ni shamba la migomba la jirani. Nifanye nini kabla ya vuli?

#20 Mwashi wa Soni

Kwanza watoto wasicheze chini yake, kuanzia leo. Hilo halisubiri fundi.

Funga kamba kutoka pembe hadi pembe, pima tumbo limetoka kiasi gani, andika na tarehe. Pima tena kila wiki. Likiwa linaendelea kutoka, usitoboe chochote, tafuta mhandisi auone kwa macho, maana huenda ukabidi kushushwa na kujengwa upya.

Likiwa limetulia, nenda juu kwa jirani kwanza, kwa heshima. Tazama maji ya mvua yanakuja kutoka wapi. Chimbeni mtaro wa kuyapeleka pembeni kabla hayajafika nyuma ya ukuta. Halafu matundu: yawe chini, karibu na ardhi, umbali wa mita moja na nusu hivi kati ya moja na jingine, kipenyo cha kuingiza bomba la inchi tatu, yakiwa yameinama kwa mbele. Nyuma ya kila bomba weka kokoto iliyooshwa, usiache udongo ukalala moja kwa moja kwenye mdomo wake. Anza mbali na tumbo. Usisimame mbele ya tundu unapofungua, simama ubavuni.

#21 Kozi Kumi

Asante sana mkuu. Jirani ni mtu muungwana, nitakwenda kwake kesho na kilo ya sukari.

#22 Kozi Kumi

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Kamba haijasogea. Mtaro wa juu tumechimba wote wawili, jirani kaleta na vijana wake. Leo asubuhi fundi katoboa tundu la kwanza, pembe ya kushoto, mbali na tumbo.

Mvua haijanyesha huku siku tisa. Tindo ilipopenya, maji yalitoka ya rangi ya chai, yenye harufu uliyoisema, ya chini ya mtungi. Tulikinga ndoo mbili na nusu, halafu tukaacha kukinga. Saa kumi na moja jioni bado yalikuwa yanatiririka.

Kesho tunatoboa la pili.